Kuhama betri za maji kwenda AGM kwenye kempa, wenye uzoefu njooni hapa

NyumbaMagurudumu

Wakuu habari za saa hizi. Nina kempa (gari la kulala safarini), betri zake za ndani ni zile za maji, mbili za volti 6 zimeungwa siriizi kupata 12, jumla 220Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri). Zimekaa kwenye boksi chini ya ngazi ya mlangoni na kwa kweli kuziongezea maji ni adhabu, mfuniko wa nyuma kabisa unaufikia kwa vidole viwili na lazima ushike kioo kidogo na tochi ndo ujue maji yamefika wapi. Vichwa vyake vinaota ule unga wa kijani na mweupe, nasafisha na magadi, baada ya muda umerudi palepale.

Ila kinachonikera zaidi ni inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Jioni nikiwasha maikrowevu inalia piiii halafu inazima, na ukiangalia mita kabla ya kuwasha betri zinasoma 12.4. Kila ninayemuuliza ananiambia hamia AGM (zile betri za risasi zilizofungwa, haziongezwi maji), toa hizi weka zile umemaliza. Ndo nauliza, ni kweli ni toa-weka tu? Matumizi yangu ni friji ya kompresa, taa za LED, pampu ya maji, feni, kuchaji simu na laptopu, na hiyo maikrowevu dakika chache. Juu kuna paneli ya wati 200, chaja ni ileile iliyokuja na gari.

Kaptura

Lithiamu. Uzi ufungwe.

mpita_njia

Nimekaa siti ya mbele kabisa, shida yangu na ya mleta uzi ni pacha

FundiWaya

Mkuu @NyumbaMagurudumu usinunue kitu kwanza, tusomane.

Hiyo 12.4 wewe unaiona kama betri imejaa, haijajaa. Betri ya maji iliyoshiba na ikapumzika masaa kadhaa bila mzigo wala chaja inasoma 12.6 mpaka 12.7. Ukiona 12.4 jua robo imeshaondoka, na nusu ni kama 12.1 au 12.2 hapo. Kwa hiyo unaanza kupika betri ikiwa tayari imechoka.

Halafu piga hesabu ya maikrowevu. Ikivuta wati 1500, gawa kwa 12 ni ampea 125, weka na hasara ya inveta yenyewe unacheza na 140 hivi. Benki ya maji ya 220Ah kuibeba ampea 140 volti lazima ziporomoke, inveta nyingi zinaanza kulia zikiona karibu 11 na zinakata 10.5. Betri haijaisha hapo, imezidiwa kasi tu, ndo maana ukizima maikrowevu ukasubiri kidogo mita inapanda tena inakudanganya kwamba mambo safi.

Hapa ndo AGM ina faida ya kweli na sio ya matangazo. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo, ukiibana kwa mzigo mkubwa volti hazishuki sana kama za betri ya maji. Hata ile sheria kwamba ukitoa umeme haraka unapata pungufu ya ulioandikwa kwenye betri, kwa AGM inauma kidogo tu, kwa betri ya maji inauma sana.

Ila sasa nusu ya malalamiko ya inveta ninayoyaona sio betri, ni waya. Fanya hivi, washa maikrowevu, weka mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe (kwenye risasi, sio kwenye nati), soma. Hamia kwenye terminali za inveta, soma. Tofauti ikizidi volti 0.3 au 0.4 basi hata ukiweka betri ya manowari itakulilia vilevile. Lete namba hapa.

MzeeWaMaji

Vijana mnapenda kukimbilia vipya. Betri za maji za volti 6 zile za magari ya gofu ndo betri zenye sahani nene kuliko hizo AGM nyingi mnazouziana, ukizishusha nusu kila siku watengenezaji wanazipa mizunguko 1000 na zaidi, AGM za kawaida za volti 12 wengi wanaandika 400 mpaka 600 kwa nusu hiyohiyo. Zipo AGM nzuri zinazofika 1000 lakini sio kila iliyoandikwa AGM ni hiyo. Kwa hiyo ukihama kwa kudhani unapata umri mrefu umepotea njia. Unahama kwa sababu hutaki kuongeza maji, basi, useme hivyo tujue.

Na kabla ya kuzihukumu zako nunua haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Ndo raha ya betri ya maji, unaweza kuichungulia chumba kwa chumba. Imejaa inasoma 1.265 hivi au juu kidogo, vyumba vyote sita visitofautiane zaidi ya 0.050. AGM huwezi kuifungua kuiangalia, ikifa inakufa na siri yake.

mama_kempa

Shikamoo mzee. Mimi nina AGM chini ya kitanda na sirudi nyuma, ila nakubaliana na wewe kwenye hilo la umri. Sababu yangu mimi ilikuwa sehemu ya kuziweka, betri za maji huwezi kuziweka ndani unapolala maana zikichajiwa zinatoa haidrojeni na ule ukungu wa asidi, ndo huohuo unaota unga kwenye vichwa na kula vyuma vya karibu. AGM gesi zake zinarudiana humohumo ndani zinakuwa maji tena, kwa hiyo ikichajiwa sawasawa hakuna harufu, hakuna unga, unaweza hata kuilaza ubavu. Vichwa vyangu bado vinang'aa.

Ila kichwa chini hapana, na kisanduku kisizibwe kabisaaa maana ile valvu ipo kwa kazi, ukiichaji kupita kiasi inafunguka inatoa gesi kama betri nyingine yoyote. Na maji yaliyotoka hapo huna pa kuyarudishia.

mgeni_1

samahani wakuu swali la kishamba, AGM ndo zile betri kavu? na jeli je ni kitu kimoja?

FundiWaya

Sio swali la kishamba kabisa @mgeni_1, wauzaji wenyewe wanachanganya. Mtaani zote zisizoongezwa maji zinaitwa betri kavu. AGM ndani kuna sahani za risasi kama betri nyingine yoyote, kemia ni ileile ya Gaston Planté ya mwaka 1859, ila katikati ya sahani kuna mikeka ya nyuzinyuzi za kioo iliyonyonya asidi kama sifongo iliyokamuliwa kidogo, hakuna asidi inayocheza cheza. Jeli ni asidi iliyochanganywa na silika ikaganda.

Tofauti inayokuhusu ni volti za kuchaji. Jeli nyingi hazitaki zaidi ya 14.1 au 14.2, ukiipa 14.6 ya AGM inatengeneza mapovu ndani ya ile jeli na mapovu hayo hayatoki tena. Kwa hiyo chaja yenye swichi ya jeli na AGM usichague kwa kubahatisha.

Kaptura

Bado mnajadili risasi? 100Ah ya lithiamu ni kilo 12 hivi, AGM ya 100Ah ni kilo 30, na hiyo ya AGM unatumia nusu tu. Volti zimenyooka kama rula mpaka mwisho, maikrowevu inapiga tu.

MzeeWaMaji

Na ikifika chini ya nyuzi 0 uichaji uone. Utabaki unaipashia moto na blanketi.

Kaptura

Mzee zipo zenye hita ndani siku hizi na BMS (ile saketi ya ulinzi ndani ya betri) inakata yenyewe

MzeeWaMaji

Hita nayo inakula nini? Upepo?

mpita_njia

😂😂😂 naomba msiharibu uzi

FundiWaya

Kaptura hajasema uongo lakini, tuwe wakweli. Mtu anayekaa porini muda mrefu, paneli ndogo, mawingu kila siku, betri haijai wiki nzima, huyo AGM itamfia mapema na lithiamu ndo yake. Risasi yoyote ikikaa nusu nusu bila kujaa inaota salfeti ngumu kwenye sahani na uwezo unapungua kimya kimya, na AGM haina dawa nzuri ya hilo kama betri ya maji ambayo unaweza kuipiga chaji ya kusawazisha (volti za juu kwa makusudi ili vyumba vilingane). Lithiamu haijali, ukiiacha nusu inafurahi.

AGM inamfaa anayechomeka umeme wa kambi mara kwa mara, au ana sola ya kutosha kuijaza mpaka juu, au anaishi kwenye baridi, au hataki kubadilisha mfumo mzima wa altaneta (inayozalisha umeme injini ikiwaka). Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi sio betri gani, ni unajaza kwa nini? Hiyo chaja yako inatoa volti ngapi?

NyumbaMagurudumu

Wakuu nimerudi na namba. Nimechomeka umeme wa kambi usiku kucha, nikapima asubuhi na mapema kabla jua halijagusa paneli.

Chaja: 13.6. Nikaishusha betri kidogo nikachomeka tena, 13.6 ileile, haipandi hata kidogo.
Maikrowevu ikiwaka: kwenye betri 11.5, kwenye inveta 10.7.
Haidromita (nimeazima): vyumba vitano viko 1.240 mpaka 1.250, kimoja cha betri ya pili 1.190.
Waya wa inveta umeandikwa 25 mm², urefu kwenda ni mita mbili na nusu hivi.

Sasa hapo nisomeeni.

FundiWaya

Umefanya kazi nzuri, wengi huwa wanaishia kwenye "nimepima ikasoma vizuri".

Moja, waya. Kutoka 11.5 mpaka 10.7 umepoteza volti 0.8 njiani, kwa ampea 140 hiyo ni zaidi ya wati 100 zinapasha waya moto. Ushike ukiwa na mzigo, utahisi vuguvugu, na pale penye joto zaidi ya pengine ndo penye maungio mabovu. 25 mm² kwa umbali huo ni nyembamba. Weka 70, au sogeza inveta karibu na betri uweke 50. Hili hata ukibaki na betri za maji lazima ulifanye.

Mbili, chaja. 13.6 ni volti za kushikilia betri iliyojaa, sio za kujaza iliyotumika. Chaja nyingi za zamani za kempa zilitengenezwa hivyo, hatua moja tu, zisiichemshe betri mtu akisahau amechomeka mwezi mzima. Kwa 13.6 betri inajaa, ndiyo, ila kwa siku kadhaa sio usiku mmoja, na kile cha mwisho hakifiki kabisa. Ndo maana vyumba vyako vizuri viko 1.250 na sio 1.265, betri zako zinaishi na njaa. AGM ukiichomeka kwenye chaja hiyo itakufa njaa vilevile, tofauti ni kwamba hutaiona maana hakuna pa kutia haidromita. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza, toa-weka HAPANA.

Tatu, kile chumba cha 1.190. Kimetofautiana 0.060 na wenzake. Jaribu kukisawazisha kabla ya kukitupa, ukipata chaja inayofika 15.5: jaza kwanza betri mpaka mwisho, hakikisha maji yamefunika sahani, fungua milango, zima na uchomoe kila kitu cha volti 12 maana 15.5 itaunguza vitu, iache inachemka saa moja moja ukipima. Haidromita ikiacha kupanda mara mbili mfululizo umefika mwisho wake.

MzeeWaMaji

Nakazia hapo, miwani na glavu. Na asivute sigara jirani.

dereva_kipara

Mimi nauliza upande wa altaneta, kuna mtu kaniambia AGM inaunguza altaneta, ni kweli au stori za vijiweni?

FundiWaya

Ina ukweli ndani yake kaka. Ule ukinzani mdogo unaofanya AGM itoe umeme haraka ndo unaofanya iupokee haraka pia. Benki kubwa ya AGM iliyoshuka nusu ukiiunga moja kwa moja na altaneta kwa rilei, inavuta kila kilichopo, na altaneta ya gari ikitoa karibu uwezo wake wote huku injini iko sailensa (inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta), feni yake inazunguka polepole, inapata moto wa hatari. Betri ya maji inajibania yenyewe haraka zaidi, kwa hiyo watu hawakuliona tatizo.

Dawa ni chaja ya DC kwenda DC (inapokea umeme wa altaneta na kuchaji betri za ndani) katikati, ya ampea 30 kwa mfano, inavuta 30 tu hata betri iwe na njaa vipi na inapandisha volti mpaka 14.4 au 14.6 inayotakiwa. Kwa magari mapya yenye altaneta janja hiyo chaja sio anasa, maana altaneta zile zinashusha volti zikiona betri ya kuwashia imejaa ili kuokoa mafuta, na betri za ndani zinabaki zinaangaliana tu.

mgeni_1

kwani siwezi kuweka AGM moja nikaunga sambamba na ya maji niliyonayo? bado nzima

mama_kempa

Usijaribu mdogo wangu. Zinataka volti tofauti, zinapokea umeme kwa kasi tofauti, moja itakuwa inamnyonya mwenzake usiku na asubuhi ikizidishiwa chaji. Hata AGM mpya na AGM ya zamani usichanganye, nunua za aina moja, umri mmoja, siku moja.

NyumbaMagurudumu

Ripoti. Nimeazima chaja yenye kusawazisha, nimefuata maelekezo yote ya mzee na fundi. Vyumba vitano vimepanda mpaka 1.265 na 1.270, kile kimoja kimeishia 1.200 kimegoma kabisa. Nimeiacha ikapumzika usiku, asubuhi betri moja 6.35 nyingine 6.22.

MzeeWaMaji

Hicho chumba kimekwenda. Pole. Lakini ona ulivyojua kwa uhakika, ingekuwa AGM ungebaki unalaumu inveta.

FundiWaya

Mzee leo umepata pa kusemea 😄

Sasa @NyumbaMagurudumu kwa vile lazima ununue, na boksi ni lile la chini ya ngazi, na umechoka kutumia kioo na tochi, AGM inakufaa ila kwa mpangilio huu.

Zipo AGM za volti 6 za kama 220Ah zenye umbo lilelile la betri za gofu, kilo 30 hivi kila moja, zinaingia kwenye boksi lako bila kukata kitu. Mimi nazipendelea hizo mbili siriizi kuliko mbili za volti 12 sambamba kwa sababu siriizi umeme uleule unapita kwenye zote, hakuna ya kudokoa kwa mwenzake. Ukikosa ukaweka za volti 12 sambamba basi chukua chanya kutoka betri ya kwanza na hasi kutoka betri ya mwisho, mshazari, sio zote mbili kutoka betri moja, la sivyo ile ya karibu inafanya kazi zaidi na kuchakaa kwanza. Na uangalie lebo, betri iliyoandikwa kwa herufi kubwa nguvu ya kuwashia injini kwenye baridi, hata iwe AGM, hiyo imetengenezwa kupiga stata, sahani zake ni nyembamba. Tafuta iliyoandikwa Ah kwa kiwango cha saa 20.

Chaja badilisha. Ya hatua tatu, yenye chaguo la AGM, ampea 40 mpaka 50 kwa benki hiyo. Kwenye lebo ya betri au karatasi yake utaona volti za kujazia, nyingi ziko kati ya 14.4 na 14.7, za kushikilia 13.4 mpaka 13.8. Fuata karatasi ya betri yako, usifuate ya jirani.

Kontrola ya sola ndo watu wanaisahau. Kama imepangwa kwa betri ya maji, nyingi zina ratiba ya kusawazisha zenyewe kila mwezi kwa 15 na ushee. Kwenye AGM hiyo ni kuikausha polepole, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji iwe imesema wazi inaruhusu. Izime.

Joto: boksi lako likiwa nyuzi 35 badala ya 25, volti za kujazia zinatakiwa zishuke kama 0.24 mpaka 0.3, kwa hiyo 14.4 inakuwa 14.1 au 14.15. Chaja nzuri ina kihisi cha joto, kifunge kwenye betri yenyewe sio ukutani. Joto ndo linaua hizi kitu, kila nyuzi 10 juu ya 25 umri unakatika karibu nusu.

dereva_kipara

Fundi hapo kwenye kujaza, nitajuaje imejaa kweli? taa ya chaja yangu inageuka kijani mapema sana

FundiWaya

Taa ya kijani ni saa tu mara nyingi, imehesabu dakika zake ikageuka. Angalia ampea zinazoingia. Chukulia benki ya 220Ah iliyoshuka nusu na chaja ya ampea 45. Mwanzo inapokea 45 zote na volti zinapanda taratibu, baada ya saa moja na nusu au mbili volti zinagonga 14.6 zinasimama hapo, betri iko kwenye asilimia 80 hivi. Wengi wanazima jenereta hapo hapo. Kumbe sasa ndo kazi inaanza, volti zimesimama 14.6 na ampea zinateremka zenyewe, 30, 18, 9, zinakwenda zikipungua, 5, 3, mpaka zinafika karibu 2 (asilimia 1 hivi ya uwezo) na zinagoma kushuka zaidi. Hapo imejaa. Hiyo asilimia 20 ya mwisho inakula masaa matatu manne hata zaidi na hakuna chaja kubwa ya kuiharakisha, betri yenyewe ndo inakataa.

Ndo maana jenereta na sola zinapendana. Jenereta asubuhi na mapema inapiga ile sehemu ya haraka, sola inamalizia mkia mchana kutwa bila kelele.

NyumbaMagurudumu

Paneli yangu ya 200 itatosha kumalizia?

mama_kempa

Kumalizia siku uliyoanza na jenereta ndiyo. Kukubeba peke yake hapana. Fanya hesabu, friji ya kompresa inakula 30 mpaka 60Ah kwa siku kutegemea joto, weka 45, feni 12, taa na pampu 8, laptopu na simu 15, maikrowevu dakika 5 ni kama 12. Umefika 90 na kitu. Paneli ya 200 siku ya jua zuri inakupa 50 au 60Ah, ikiwa imelala bapa juu ya paa na kuna tawi la mti linapita hapo sahau. Utakuwa unazama kidogo kidogo kila siku. Ongeza nyingine kama hiyo, kama paa lina nafasi.

Kaptura

Na akiongeza paneli akaongeza waya akabadilisha chaja si bora angeweka lithiamu tu 🙄

FundiWaya

Chaja na waya na paneli angevihitaji kwa lithiamu pia. Akishafunga hivyo, siku akitaka kuhama tena anabadilisha betri na mpangilio wa chaja, kazi kubwa ishaisha.

NyumbaMagurudumu

Nimeamua AGM mbili za volti 6. Waya 70 nimeshapata, chaja ya ampea 45 ipo. Fyuzi je? Ya sasa hivi iko kule kwenye inveta.

FundiWaya

Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo inakaa upande wa betri, karibu na kichwa cha chanya iwezekanavyo, sio zaidi ya sentimita 18 hivi. Ikiwa kule kwenye inveta basi mita mbili na nusu za waya mnene ziko uchi, zikichubuka kwenye chuma hakuna wa kuzikata. Na AGM shoti yake ni kali kuliko ya betri ya maji, maelfu ya ampea kwa sekunde moja, fyuzi hafifu inaweza kuyeyuka na umeme ukaendelea kuruka kwa cheche. Weka Class T ya ampea 200, zile zimeandikiwa kukata shoti mpaka ampea 20,000.

Kwenye inveta, kama inaruhusu, pandisha kiwango cha kukata kutoka 10.5 kwenda 11.5 hivi. 10.5 ni kaburi la betri.

mpita_njia

nami niulize la mwisho, kempa ikikaa nyumbani miezi bila safari AGM inabidi nifanyeje? nimesikia haziishi chaji

mama_kempa

Yenyewe kama yenyewe inapoteza kidogo sana, asilimia 1 mpaka 3 kwa mwezi kwenye ubaridi, betri ya maji inaweza kupoteza mara kadhaa ya hiyo. Lakini kempa yako haijalala hata ukizima kila kitu. Alamu ya gesi pekee inakula kama ampea 0.1, sio kitu eeh? Kwa siku ni 2.4Ah, kwa mwezi 72. Mwezi na nusu umefika karibu nusu ya benki ya 220Ah na hujawasha hata taa. Kwa hiyo ijaze mpaka mkia uishe, weka swichi kubwa ya kukata, na alamu ikikatika mtungi wa gesi nao uwe umefungwa. Ukiwa na swichi hiyo ichaji tena kila baada ya miezi mitatu hivi.

NyumbaMagurudumu

Hapo kwenye kufuatilia ampea, naona kuna zile mita zenye shanti (kile kipande cha chuma ambacho umeme wote unapita ili uhesabiwe). Inafungwa upande gani? Maelezo ya kwenye boksi yameandikwa kwa herufi za kusomea na darubini.

FundiWaya

Upande wa hasi. Kichwa cha hasi cha betri kinaenda kwenye shanti, na upande wa pili wa shanti ndo vinaunganishwa vingine vyote, inveta, bodi ya gari, chaja, kontrola ya sola. Kwenye kichwa cha betri kisibaki waya mwingine wowote wa hasi, maana kila kinachopita pembeni ya shanti mita haikihesabu, itakuambia una asilimia 80 kumbe uko 60. Wale waya wembamba uwafuatilie mmoja mmoja kwa mkono, kuna wa chaja ndogo au wa alamu huwa umejibanza nyuma ya ile nati kubwa huuoni mpaka uifungue. Halafu ingia kwenye mipangilio uandike 220Ah, volti za kujaa weka 0.2 chini ya zile za chaja, mkia (ampea za mwisho wa kujaza) asilimia 1 au 2 ya uwezo. Ukimaliza jaza betri kabisa ndo uiambie mita kwamba hapo ni asilimia 100, sio kabla.